Mfungwa Ugenini na Serikali Yake: Historia ya Ulinzi wa Raia katika Ukanda wa Ziwa Victoria, Mwanza, 1890–2020

Utangulizi

Mtu anayehukumiwa katika nchi isiyo yake hukabiliwa na mashaka ya aina mbili. Ya kwanza humpata mshtakiwa yeyote: ushahidi uliopo, wakili asiyekuwepo, na hakimu mwenye mrundikano wa majalada. Ya pili humpata mgeni peke yake. Ndugu zake wako mbali, lugha ya mahakama si yake, na dola inayomshtaki haimhesabu miongoni mwa watu wake. Anapotiwa hatiani na kuamini kwamba hakusikilizwa kwa haki, familia yake huielekea serikali ya nyumbani. Insha hii inachunguza kile ambacho serikali huweza kufanya wakati huo, kile ambacho imewahi kufanya, na sababu zinazoifanya isaidie au inyamaze.

Eneo linalochunguzwa ni ufuko wa Ziwa Victoria upande wa Mwanza, pamoja na nchi zinazolizunguka ziwa hilo. Eneo hili linafaa kwa sababu mbili. Kwanza, mpaka wa kimataifa unapita majini, mahali ambapo watu huvuka kila siku kwa ajili ya riziki bila kuona mstari wowote. Pili, Arusha ni makao ya mahakama mbili za kikanda, moja kati yake imeamua mashauri ya wageni waliofungwa Tanzania, na gereza la Butimba lililopo Mwanza limetajwa katika baadhi ya kumbukumbu zake.

Hoja kuu ni kwamba, katika historia ya ukanda huu, msaada wa serikali haukutegemea zaidi kiwango cha udhalimu wa kesi. Ulitegemea jibu la swali linalotangulia: mfungwa ni wa nani, na je, dola iliyo yake inaona faida kumdai? Tangu mwaka 2020 swali hilo limekuwa zito zaidi, kwa kuwa njia ambayo mfungwa aliweza kuipita peke yake imefungwa kwa sehemu kubwa, na iliyobaki inaweza kufunguliwa na serikali tu.

Katika uchambuzi huu, waombaji wa kawaida wanatambulishwa kwa namba za mashauri yao. Aidha, istilahi mbili zinatofautishwa. Msaada wa kikonseli ni ule wa kumtembelea mfungwa, kumtafutia wakili na kuwaarifu ndugu zake. Ulinzi wa kidiplomasia ni hatua ya dola kuichukua kero ya raia na kuidai kama kero yake yenyewe mbele ya dola nyingine.

Ziwa lililogawanywa

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulipitisha mpaka katika nyuzi 1 kusini mwa ikweta, ukalikata ziwa toka magharibi hadi mashariki. Upande wa kusini, pamoja na Mwanza, Ukerewe na Bukoba, ukawa wa Wajerumani. Upande wa kaskazini ukawa wa Waingereza. Waliokaa visiwani na kwenye mialo hawakushirikishwa katika mgawanyo huo. Hata hivyo, tangu siku hiyo mtu aliyevuka maji alihama kutoka mamlaka moja kwenda nyingine.

Mfano wa mwanzo wa matokeo yake ni wa mfalme. Kabaka Mwanga II wa Buganda aliasi dhidi ya Waingereza mwezi Julai 1897, akashindwa vitani huko Buddu, kisha akaingia katika eneo la Wajerumani akitafuta hifadhi. Wajerumani walimkamata na kumweka Mwanza. Nyuma yake, Waingereza walimvua ufalme na kumtawaza mwanawe mchanga, Daudi Chwa. Mwanga alitoroka Mwanza akarudi kupigana, hadi Aprili 1899 alipokamatwa pamoja na Omukama Kabalega wa Bunyoro. Wote wawili walipelekwa uhamishoni Ushelisheli kwa amri ya utawala. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, lakini alifia Jinja kabla ya kufika kwao.

Mfano huu haufanani na kesi ya raia wa leo, kwa kuwa Mwanga hakuwa na uraia kwa maana ya kisasa. Umuhimu wake ni kuonyesha hali iliyorithiwa. Alipokuwa Mwanza hapakuwa na dola ya kumwombea: iliyokuwa yake ndiyo iliyomwinda, na iliyomhifadhi ndiyo iliyomfunga. Aliyevuka ziwa alikuwa jambo la kujadiliwa kati ya watawala wawili, na yeye mwenyewe hakuwa na nafasi katika majadiliano hayo.

Uhuru na kubadilishana watu

Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, Uganda mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963 uligeuza wakazi wa mwambao mmoja kuwa raia wa nchi tatu. Kwa muda, mabadiliko hayo yalipunguzwa makali na huduma za pamoja, na baadaye na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967. Meli zilipita kati ya Mwanza, Kisumu, Port Bell na Bukoba chini ya shirika moja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa, mtu aliyekamatwa upande wa pili alikuwa mikononi mwa serikali isiyokuwa na mazungumzo ya kawaida na ya kwake.

Matukio ya miaka ya 1982 na 1983 yanaonyesha jinsi siasa ilivyotawala hatima ya watu wa namna hiyo. Tarehe 26 Februari 1982, ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na vijana wa Kitanzania waliomtaka Rais Julius Nyerere ajiuzulu. Ilipitia Nairobi, Jeddah na Athens, ikatua Stansted, Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha. Watano kati yao walihukumiwa London vifungo vya kati ya miaka 3 na 8. Haidaiwi hapa kwamba kesi hiyo haikuwa ya haki. Inatajwa kwa sababu inaonyesha ukomo wa dhana nzima ya ulinzi wa raia: vijana hao walikuwa Watanzania waliofungwa ugenini, lakini dola ambayo kisheria ingewasimamia ndiyo waliyoitenda kosa. Ulinzi ulio hiari ya dola haumfikii kwa urahisi mtu ambaye dola inamhesabu kuwa adui yake.

Mwaka uliofuata ulileta mfano mkali zaidi. Baada ya jaribio la mapinduzi nchini Kenya tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu walikimbilia Tanzania. Kwa upande wake, Tanzania iliwatafuta watuhumiwa wa njama ya mapinduzi iliyogunduliwa mwezi Januari 1983, ambao baadhi yao walikimbilia Kenya. Mwezi Novemba 1983, serikali hizo mbili zilipokuwa zikifungua tena mpaka, ziliwabadilishana watu hao. Ochuka na Okumu walihukumiwa na mahakama ya kijeshi na kunyongwa mwaka 1987.

Katika tukio hilo, watu walifanywa sehemu ya mapatano yaliyohusu mpaka na uhusiano mwema. Hakuna upande uliouliza kama mtu wake aliyerejeshwa, au mgeni aliyemtoa, angepata kesi ya haki. Kwa wakazi wa mwambao, kufunguliwa kwa mpaka kulikuwa baraka kwa biashara na kwa undugu; kwa watu waliokabidhiwa, ilikuwa ndiyo gharama yake.

Msingi wa kisheria wa kuomba msaada

Wakati siasa ikienda hivyo, sheria ya kimataifa ilikuwa imeshajenga utaratibu mwingine. Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kikonseli wa mwaka 1963, katika Kifungu cha 36, unailazimu nchi iliyomkamata mgeni kumweleza bila kuchelewa haki yake ya kuomba ubalozi wake uarifiwe. Akiomba, ubalozi uarifiwe, na maofisa wake wana haki ya kumtembelea, kuwasiliana naye na kumtafutia mtetezi. Mwaka 2001, katika shauri la ndugu wawili wa Kijerumani waliotekelezewa adhabu ya kifo Marekani, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba kifungu hicho kinampa haki mtu binafsi pia, si dola yake peke yake.

Haki hiyo huanza na kuishia kwenye taarifa. Ubalozi ukishajua, uamuzi wa kwenda mbele zaidi ni wa serikali. Msimamo wa zamani wa sheria, uliotamkwa mwaka 1924 na Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa katika shauri la Mavrommatis, ni kwamba dola inapomtetea raia wake inadai haki yake yenyewe. Kutoka hapo yanafuata masharti mawili: mtu awe raia wa dola inayodai, na awe amemaliza ngazi za rufaa za nchi iliyomhukumu.

Afrika ina mifano miwili inayoonyesha upana na ufinyu wa utaratibu huo. Mfanyabiashara Ahmadou Sadio Diallo, raia wa Guinea, alikamatwa mjini Kinshasa mwezi Novemba 1995, akazuiliwa, na kufukuzwa nchini mwezi Januari 1996. Guinea iliishtaki Kongo mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1998. Hukumu ya tarehe 30 Novemba 2010 ilikubali kwamba alizuiliwa na kufukuzwa kinyume cha sheria, na kwamba hakuelezwa haki zake za kikonseli. Mwaka 2012 Kongo iliamriwa kulipa fidia ya dola za Marekani 95,000. Zaidi ya miaka 16 ilipita kati ya kukamatwa na fidia. Hata hivyo, ilithibitika kwamba nchi isiyo tajiri inaweza kumdai raia wake mmoja na kushinda.

Mfano wa pili ni wa Afrika Kusini. Mwezi Machi 2004 raia wake kadhaa walikamatwa Harare wakituhumiwa kupanga kuipindua serikali ya Guinea ya Ikweta. Walikwenda Mahakama ya Katiba ya nchi yao wakitaka serikali ilazimishwe kuwakinga dhidi ya kesi isiyo ya haki na adhabu ya kifo. Katika hukumu ya Kaunda ya tarehe 4 Agosti 2004, mahakama ilikataa kutambua haki ya kulindwa kidiplomasia. Ilikubali jambo dogo zaidi: raia ana haki ya kuomba, na serikali ina wajibu wa kulifikiria ombi lake kwa nia njema na kwa sababu zinazoeleweka. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Tanzania. Hata hivyo, unatoa kipimo kinachofaa: kati ya amri na hisani kuna nafasi ya wajibu wa kusikiliza na kujibu.

Mashauri mawili ya Arusha

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imewahi kupokea mashauri mawili ambayo, yakiwekwa pamoja, yanapima thamani ya mkono wa serikali. Katika yote mawili Tanzania ndiyo iliyokuwa nchi ya ugenini.

Shauri Na. 006/2013 lililetwa na Wakenya 10. Walikamatwa Msumbiji mwezi Desemba 2005, wakakabidhiwa Tanzania mwezi uliofuata, na kushtakiwa huko. Shtaka la mauaji liliondolewa, mashtaka ya wizi wa kutumia silaha yakaendelea kwa miaka mingi. Tarehe 18 Machi 2016 Mahakama iliamua kwamba Tanzania ilikiuka Kifungu cha 7 cha Mkataba wa Afrika, kwa kuchelewesha kesi na kwa kutowapatia waombaji msaada wa kisheria. Waombaji walifika Arusha kwa jina lao wenyewe. Jina la Kenya halimo miongoni mwa wadaawa. Njia waliyoitumia ni tamko ambalo Tanzania ililiweka mwaka 2010 chini ya Kifungu cha 34(6) cha Itifaki ya Mahakama, likiwaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja.

Shauri Na. 001/2015 lililetwa na raia wa Ivory Coast aliyehukumiwa kunyongwa na Mahakama Kuu mjini Moshi mwaka 2010 kwa kosa la mauaji, na ambaye rufaa yake ilitupwa mwaka 2014. Alilalamika, pamoja na mengine, kwamba hakupata mkalimani wa kutosha wala msaada wa kikonseli. Tofauti yake na shauri la kwanza ni kwamba serikali ya Ivory Coast iliomba na kuruhusiwa kujiunga na shauri, kwa kuwa mwombaji alikuwa raia wake. Mwezi Machi 2016 Mahakama iliamuru adhabu ya kifo isitekelezwe hadi shauri liamuliwe. Hukumu ilitolewa tarehe 7 Desemba 2018. Ilikubali kwamba uchunguzi ulicheleweshwa isivyostahili, lakini ilikataa malalamiko kuhusu mkalimani na ubalozi, wala haikumwachia huru.

Ulinganisho huu unakanusha dhana nyepesi. Wakenya 10 walishinda kwa kiasi kikubwa bila serikali yao. Raia wa Ivory Coast alishinda kwa kiasi kidogo serikali yake ikiwa kando yake. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba kuwepo kwa serikali huamua nani ana haki. Kinachobadilika ni mahali mfungwa anaposimama. Serikali ikiingia, kesi huwa pia jambo la uhusiano kati ya nchi mbili. Isipoingia, mfungwa hutegemea kuwepo kwa njia iliyo wazi kwake mwenyewe. Wakenya hao walikuwa na njia hiyo, na ndiyo iliyowaokoa na ukimya wa upande wa nyumbani.

Butimba na swali la uraia

Njia hiyo ina kikwazo kinachotangulia vyote: kuthibitisha kwamba mtu ni raia wa mahali fulani. Shauri Na. 013/2015 linaeleza jambo hili kuliko jingine lolote. Mwombaji alikuwa amefungwa katika Gereza Kuu la Butimba, Mwanza. Alikamatwa mwezi Januari 2010, akahukumiwa kwa kuingia na kuwepo nchini isivyo halali, na kuendelea kushikiliwa baada ya kifungo chake kwisha, kwa maelezo kwamba alisubiri kuondolewa nchini. Yeye alishikilia kwamba ni Mtanzania wa kuzaliwa.

Hali yake haikuwa na upande wa pili. Mfungwa wa kigeni huweza kuuomba ubalozi wake. Mfungwa raia huweza kuidai katiba ya nchi yake. Huyu alihesabiwa mgeni na serikali pekee aliyoitambua kuwa yake, na hakuwa na nyingine ya kuiomba. Katika hukumu ya tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama iliona kwamba alitoa ushahidi wa kutosha kuuhamishia upande wa serikali mzigo wa kuthibitisha kinyume chake, na kwamba serikali haikuubeba mzigo huo. Ikaamua kwamba haki yake ya uraia na ya kuwa huru zilikiukwa, na kuamuru aachiliwe.

Funzo lake kwa ukanda wa ziwa ni pana. Katika vijiji vya mwambao, vizazi vingi vilizaliwa nyumbani, vyeti vya kuzaliwa vikawa adimu, na ndoa zikavuka mpaka. Mtu mwenye mama wa upande mmoja na baba wa upande wa pili hana shida siku za kawaida. Shida huanza siku ya kukamatwa, pale maofisa wa nchi mbili wanapoweza kila mmoja kusema kwamba si wao. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, hivyo anayejitetea kwa kudai uhusiano na pande zote mbili hujidhoofisha.

Mvuvi kama mfungwa wa kawaida

Mashauri yaliyotajwa yalihusu makosa mazito na yalifika mbali. Mfungwa wa kawaida wa mpakani ziwani ni mvuvi. Uvuvi wa sangara na dagaa huwasogeza watu mbali na mialo yao, na majini hakuna alama. Mgogoro wa kisiwa cha Migingo kati ya Kenya na Uganda, uliopamba moto miaka ya 2008 na 2009, ulionyesha kwamba hata serikali zenyewe huweza kutokubaliana juu ya mahali mpaka ulipo. Mvuvi aliye kwenye mtumbwi usiku hawezi kutarajiwa kujua zaidi yao.

Akikamatwa, udhalimu unaoweza kumpata hauna kishindo. Anafikishwa mahakamani siku chache baadaye, anasomewa shtaka, anakiri kwa kutokuelewa au kwa kutaka mambo yaishe, na kutozwa faini ambayo hana. Hapo faini hugeuka kifungo, na chombo na nyavu hutaifishwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, Kifungu cha 28, inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo asipoielewa lugha ya mahakama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 50, inafanya hivyo pia. Haki hizo zina maana kwa yule anayejua kuzidai. Mvuvi kutoka Ukerewe au Sengerema mbele ya mahakama inayoendeshwa kwa Kiingereza anaweza kukiri kabla hajatambua kwamba alikuwa na haki ya kuuliza.

Kwa familia yake, ngazi za kuomba msaada ni nyingi. Habari hufika mwaloni kwa wenzake waliopona, zikaenda kwa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, kwa uongozi wa kijiji, kwa mkuu wa wilaya na wa mkoa. Kutoka hapo hupaswa kufika wizara inayohusika na mambo ya nje, kisha ubalozi wa Nairobi au Kampala. Kila ngazi huomba uthibitisho wa uraia, na kila siku inayopita huusogeza mwisho wa muda wa rufaa. Taarifa inayotakiwa na Kifungu cha 36 ingeuanza mwendo huo upande wa pili: polisi au gereza lingeuarifu ubalozi moja kwa moja. Pale ambapo hilo halifanyiki, kifungo kifupi huisha kabla barua haijafika.

Nchi tatu za ziwa tayari zina chombo cha pamoja katika masuala ya samaki. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria liliundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kisumu mwaka 1994, makao yake yakiwa Jinja. Uwepo wake unaonyesha kwamba nchi hizo ziliweza kukubaliana kuhusu kiumbe anayevuka mpaka bila hati. Makubaliano ya namna hiyo kuhusu taarifa za wavuvi waliokamatwa yangekuwa kazi ndogo kuliko kuulinda samaki.

Mlango uliofungwa na uliobaki

Tarehe 21 Novemba 2019 Tanzania ilitoa taarifa ya kuliondoa tamko lake la Kifungu cha 34(6), na uondoaji huo ulianza kutumika tarehe 22 Novemba 2020. Rwanda ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2016. Ivory Coast ilifuata mwaka 2020. Kenya na Uganda ziliiridhia Itifaki lakini hazikuwa zimeweka tamko. Matokeo kwa ukanda wa ziwa ni dhahiri. Mgeni anayefungwa Butimba baada ya tarehe hiyo hawezi kwenda Arusha kama walivyokwenda Wakenya 10. Mtanzania anayefungwa Kenya au Uganda hakuwahi kuwa na njia hiyo.

Njia nyingine zipo, kila moja ikiwa na mpaka wake. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul, hupokea malalamiko ya watu binafsi, lakini haina nguvu ya kutoa hukumu kama mahakama. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, chini ya Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999, hupokea mashauri ya mkazi yeyote wa nchi mwanachama, na tangu hukumu ya Katabazi ya mwaka 2007 imekubali kuhoji uvunjaji wa utawala wa sheria hata pale unapogusa haki za binadamu. Hata hivyo, shauri hupaswa kufunguliwa ndani ya miezi miwili, muda ambao kwa familia iliyotajwa hapo juu huweza kwisha barua ikiwa bado wilayani.

Unabaki mlango ambao umesahauliwa. Kifungu cha 5 cha Itifaki ya Mahakama ya Afrika kinaiorodhesha, miongoni mwa wanaoruhusiwa kufungua shauri, nchi mwanachama ambayo raia wake ni mwathirika wa ukiukwaji wa haki za binadamu. Mlango huu hauhitaji tamko. Tanzania, Kenya na Uganda zote ni wanachama wa Itifaki. Hivyo serikali ya Tanzania inaweza kumpeleka Arusha raia wake aliyehukumiwa isivyo haki Kenya au Uganda, kama vile Guinea ilivyompeleka Diallo The Hague. Na Kenya inaweza kufanya hivyo kwa raia wake aliyefungwa Mwanza. Kinachokosekana ni utaratibu wa ndani unaomweleza raia amwombe nani, kwa ushahidi gani, na ajibiwe lini.

Hitimisho

Historia iliyochunguzwa haionyeshi mwendo ulionyooka kutoka dhuluma kwenda haki. Mwaka 1897 mtu aliyevuka ziwa alikuwa suala la watawala wawili wa kikoloni. Mwaka 1983 watu walikabidhiwa kwa makubaliano ya serikali mbili huru. Kati ya mwaka 2010 na 2020 kulikuwa na muongo mmoja ambamo mfungwa, hata mgeni, aliweza kuishtaki dola iliyomfunga bila kumwomba mtu ruhusa. Muongo huo ulipokwisha, uamuzi ulirudi kwa serikali.

Kwa sababu hiyo, ombi la familia kwa serikali haliwezi tena kuchukuliwa kama nyongeza ya huruma. Katika hali nyingi ndilo linaloamua kama udhalimu wa kesi utasikilizwa na chombo chochote nje ya nchi iliyohukumu. Kipimo cha hukumu ya Kaunda kinatosha kama hatua ya kwanza: kila ombi lipokewe, lifikiriwe kwa nia njema, na lijibiwe kwa sababu zilizoandikwa. Pamoja nacho, nchi za ziwa zinahitaji kuarifiana mara moja zinapomkamata raia wa mwenzake, na kukubali kwamba shaka juu ya uraia wa mtu wa mwambao isitumiwe kumwacha bila serikali. Bila mambo hayo, swali la kama mvuvi wa Ukerewe alihukumiwa kwa haki Homa Bay au Kampala litaendelea kuishia kwenye jalada la mahakama iliyomhukumu.